Vipande vya Chini ya Mashini

Fundi wa nguo wa Butembo hana haja ya kalenda. Inama chini ya mashini yake, utajua mwezi. Mwisho wa Agosti sakafu ni buluu na nyeupe, maana watoto wa Kongo nzima huenda shule na mashati meupe na suruali au sketi za buluu, na shule hufunguliwa Septemba. Juni na Julai, mvua zikipungua na barabara zikipitika, ni satini na dantela: harusi. Kabla ya Noeli ni kila kitu kwa pamoja, kwani hata aliyekosa sukari mwaka mzima atamtafutia mtoto nguo mpya ya Misa. Halafu Februari inapokaribia kwisha mtaa wa mafundi hugeuka rangi moja, rangi ya kikwembe, yaani kitenge, kilichochaguliwa na akina mama kwa ajili ya 8 Machi, Siku ya Wanawake, na taa hazizimwi usiku kwa sababu kila mama analitaka libaya lake, blauzi ya kikwembe, kabla ya gwaride.

Mimi nashona katika komuni ya Kimemi. Nilizaliwa Beni, kilomita 54 kwenda kaskazini, nikaolewa huku juu kwenye baridi. Riziki yangu inatoka kwenye kile ambacho mafundi wenzangu wanafagia. Naunga vipande kuwa mablanketi ya viraka, mifarishi ya watoto wachanga, foronya, mifuko ya sokoni. Wanaoniuliza mawazo ya rangi nayatoa wapi hudhani nitawaonyesha kitabu. Nawaonyesha gunia. Na kwa kuwa gunia hilo lina historia ndefu kuliko umri wa mji wetu, nianze na mahali kipande kinapozaliwa.

Kinazaliwa kwenye libaya. Pesi moja ya kikwembe ni yadi 6, nayo inatoa vikwembe vitatu. Cha kwanza mama anajifunga. Cha pili anajitanda juu yake, au anambebea mtoto, au anakiweka sandukuni. Hivyo viwili havitoi takataka yoyote. Unakunja pindo, basi. Cha tatu ndicho kinachoingia mkasi: shingo, mabega, kwapa, mikono ya kuvimba. Mwili una mizunguko, kitambaa kina pembe nne, na tofauti kati yao ndiyo inayoanguka sakafuni. Anayetaka kujua gunia langu lilianza lini na atafute libaya lilianza lini.

Wazee wetu Wanande hawakuwa na libaya. Walivaa ngozi, na magome ya miti yaliyopondwa kwa nyundo ya mbao hadi yakalainika, kazi ambayo jirani zetu Waganda bado wanaifanya kwa gome la mutuba na ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Gome halikatwi lifuate mwili, linazungushwa. Lakini kiraka kilikuwapo, na hapa napenda kubishana na wanaosema kiraka kililetwa na umaskini wa siku hizi. Gome likipondwa hutoboka. Fundi wa Buganda halitupi kwa ajili ya tundu: analichonga lile tundu liwe na umbo safi, anapachika kipande cha gome jingine, anashona. Huko Kasai Wakuba walikwenda mbali zaidi. Wataalamu wengi wa sanaa yao wanaona kwamba mapambo ya viraka kwenye zile sketi ndefu za rafia za wanawake yalianza kwa kuziba matobo, kwa sababu rafia nayo hupondwa ili ilainike, na katika kupondwa huchanika. Baadaye viraka viliwekwa hata pasipotoboka, kwa sababu vilipendeza. Mchoraji Henri Matisse alivitundika vitambaa vya Wakuba nyumbani kwake Ufaransa. Basi katika nchi hii kiraka kilitangulia mkasi.

Pamba ilifika kwa misafara. Miaka ya 1880 wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka Zanzibar na Manyema, Kilonga-Longa akiwa mmoja wao, walikuwa wamekwisha kujikita katika msitu wa Ituri, na mvumbuzi Stanley alipita bonde la Semliki mwaka 1889 akiwa njiani na Emin Pasha kuelekea pwani. Merikani na kaniki vilikuwa fedha. Vilipimwa kwa mkono, vililipia chakula, vililipia watu. Nani akate noti ili apate mikono ya blauzi? Huko pwani, miaka hiyo hiyo, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakinunua leso zilizochapwa katika mikanda, zikiwa bado hazijatenganishwa, wanakata leso tatu na tatu, wanaziunga ubavu kwa ubavu kuwa nguo moja pana. Viwanda vilipoona hivyo vilianza kuchapa nguo nzima bila mshono, na hiyo ndiyo kanga. Wasichana ninaowafundisha kushona wakilalamika kwamba kuunga vipande ni kazi ya mtu aliyeshindwa kununua pesi, nawasimulia habari ya kanga, wananyamaza kidogo.

Libaya kwetu lililetwa na misheni. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walifungua Beni mwaka 1906. Wale wa shirika la Assomption walifika mwaka 1929. Waprotestanti walijenga Katwa, hapa hapa Butembo, wakati ambapo mji wenyewe ulikuwa bado kambi ya kampuni ya madini. Masista na wake za wachungaji walifundisha kushona. Serikali ya Wabelgiji nayo, baada ya Vita vya Pili, ilieneza katika miji ya Kongo vituo vya wanawake vilivyoitwa foyer social, ambako mke wa karani alifundishwa kupiga pasi, kumwogesha mtoto na kutia kiraka. Mama yangu alifundishwa na masista, na kiraka chao nakijua kwa sababu alinirithisha. Unatafuta kitambaa kile kile, mara nyingi ndani ya pindo. Unakigeuza hadi ua la kiraka lilingane na ua la nguo. Unashona kwa mkono, kwa ndani, uzi mmoja tu, hatua ndogo kiasi kwamba padri akikusalimia asione kitu. Kiraka kizuri, alisema, hakionekani.

Nilimheshimu mama yangu kwa kila jambo isipokuwa hilo. Kiraka changu kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Rais Mobutu. Nchi iligeuzwa Zaire mwaka 1971, na siasa ya Authenticité ikawavua wanaume suti na tai, ikawavalisha abakosti. Wanawake wakakatazwa suruali, wigi na sketi fupi, kikwembe kikawa vazi la mwanamke wa heshima. Kwa fundi wa nguo hiyo ilikuwa amri ya serikali ya kuzalisha vipande. Chama cha MPR kilikuwa na vikwembe vyake, na picha ya Rais ikiwa katikati ya duara. Mama alisimulia kwamba hakuna fundi aliyethubutu kupitisha mkasi kwenye uso ule, wala kuuweka mahali pa kukalia. Uso ulikwenda mgongoni, mzima, na kwa ajili ya kuuokoa uso mmoja kitambaa kingi kiliharibika pembeni. Katika sanduku lake nilikuta kipande cha wakati huo: mkono ulioshika mwenge, alama ya MPR, umekatwa kwenye kifundo. Nimekitia katikati ya blanketi ambalo siliuzi.

Kitambaa kilitoka wapi? Mama alikumbuka malori yaliyobeba maharage na mboga za milima yetu hadi Kisangani, yakirudi na vitenge vya Sotexki, kiwanda kilichojengwa huko miaka ya 1970. Waliokuwa na uwezo walivaa wax ya Uholanzi, ya Vlisco, nyumba iliyoanza Helmond mwaka 1846 na baadaye ikaiga batiki ya Java. Novemba 1973 serikali ilinyang'anya maduka ya wageni ikayagawa kwa Wazaire, na wengi waliogawiwa, nchi nzima, waliyala yakaisha. Wafanyabiashara wa Butembo, ambao wengi wao hawakuwa na jamaa serikalini wa kuwagawia chochote, walijifunza njia ya Kasindi, Kampala na Mombasa. Kutoka hapo walifika Dubai, halafu Asia ya mbali hadi Guangzhou. Mobutu alianguka mwaka 1997, vita vikaigawanya nchi, viwanda vya nguo vya Kongo vikafifia kimoja baada ya kingine, lakini makontena ya Butembo hayakukatika.

Historia hiyo yote utaisoma ukingoni mwa kitambaa, kwenye ule upindo wenye maandishi ambao fundi huukata kwanza na kuutupa. Mimi naukusanya kuliko kipande kingine chochote. Ukingo wa Helmond una jina la Vlisco. Vingi vya Uchina navyo vinajisifu kwa herufi nene kwamba ni wax halisi. Ndiyo sababu pindo zangu ni vitabu: naziunga kingo hizo kwa urefu zizunguke blanketi lote.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Gunia likifika nalimwaga uani na kuchambua kwa vidole kabla ya macho. Wax ina sura mbili sawa, huwezi kusema ipi ni ya ndani. Kitenge cha kuchapwa upande mmoja kina mgongo uliofifia, na poliesta huteleza na kulia ukiikuna kwa ukucha. Poliesta naitenga bila huruma, kwa sababu pamba itarudi nyuma ikifuliwa na yenyewe itabaki ilivyo, na mshono utajikunja. Kiolezo changu ni karatasi ya mfuko wa simenti, ngumu na haichaniki. Sikati umbo moja. Mkato wa kwapa una mzingo wake mzuri, mithili ya mwezi mchanga, na kuupunguza uwe mraba ni kuua kitu ambacho mkasi wa mwenzangu ulikitoa bure. Napanga mizingo ikifuatana, buluu ya shule ikiwa kimya katikati, kikwembe cha 8 Machi kikipiga kelele pembeni. Buluu ile wengi wanaidharau. Mimi naona bila yake hakuna rangi nyingine inayosikika.

Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na usiku wake una meno. Kwa hiyo mfarishi wa Butembo una matumbo: blanketi kuukuu katikati, shuka nyuma, na mshono unaopita tabaka zote tatu kwa mashini ya mguu, Butterfly yangu ya Shanghai, ambayo haijali umeme umekuja au umekwenda. Beni ni joto. Wateja wangu wa Beni wanataka uso tu na kitambaa chepesi nyuma, na wanataka nyekundu nyingi.

Au walitaka. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka Beni, Oicha na Eringeti, wanaokuja kwangu kutoka huko ni wakimbizi mara nyingi kuliko wateja. Nafundisha baadhi ya wasichana wao. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina karibu na Beni, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Miezi hiyo hakuna aliyetaka kugusa kitambaa kilichoguswa na mwingine. Magodoro ya wagonjwa yalichomwa moto, na blanketi la viraka, ambalo kila kipande kimetoka kwa mtu usiyemjua, lilikuwa kitu cha kutisha. Nilishona sare za shule tu. Kisha, Ebola ikiwa haijamalizika, Korona ikaingia, na amri ya barakoa ikageuza mambo juu chini. Kipande cha kwapa, ambacho jana kiliogopwa, kilitosha kabisa kufunika pua na mdomo. Mafundi wa Butembo na Beni walishona barakoa za vitenge mchana na usiku, na kwa mara ya kwanza niliona watu wazima wakichagua kipande kwa ua lake: hili linafanana na libaya langu, mama fundi, nipe hilo.

Kitu kimoja hakikurudi kilivyokuwa. Zamani vipande vilikuwa vya bure. Fundi alifagia, watoto wakaokota vya kutengenezea mpira na wanasesere, vilivyobaki vikawashia jiko la mbabula. Nilipopita na gunia walinishukuru kwa kuwasafishia. Tangu barakoa wamejua kuna mtu anayekihitaji kile kilicho chini ya mashini, na sasa gunia lina bei. Lina bei ya msimu hata: la Septemba ni rahisi, maana buluu haina mshindani, la Machi ni ghali, na la Noeli lazima uliagize mapema, kwa kuwa wapo vijana wawili wa komuni ya Bulengera wanaoyanunua yote kwa ajili ya kujazia mito. Kujazia! Wax ya Helmond, imekatwakatwa, ndani ya mto, ambapo hakuna jicho litakaloiona. Nimewaambia niko tayari kuwabadilishia, poliesta yangu yote kwa pamba yao, kilo kwa kilo. Mmoja amekubali. Mwenzake anataka niongeze dola 1.