Maneno ya Mwili na Maradhi katika Mwambao wa Bangwe

Bangwe ni rasi iliyo kati ya Kigoma na mji wa kale wa Ujiji. Watu wake huvua dagaa na migebuka, na lugha mbili hukutana vinywani mwao kila siku, Kiha na Kiswahili. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, husemwa kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Mtu akiugua mahali kama hapa, jambo la kwanza alipelekalo kwa tabibu si damu wala mkojo, bali ni neno. Kwa hiyo kuuliza neno hilo limetoka wapi si mchezo wa wasomi. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba maneno ya mwili na maradhi katika Kiswahili yamejengwa kwa matabaka matatu, na kwamba alijuaye tabaka la chini kabisa aweza kumfikia mgonjwa ambaye kamusi haimfikii.

Tabaka la kwanza ni la Kibantu, nalo ndilo lenye viungo vyenyewe. Kiswahili sanifu husema kichwa na Kiamu husema kitwa. Waha na Warundi husema umutwe. Sisi leo twasema moyo, lakini washairi wa zamani walipenda mtima, na mtima huo huo, kwa sura ya umutima, ndio usemwao hata sasa na mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Lililobaki kwetu katika utenzi, kwake ni neno la sokoni. Tena watu hawa huita tumbo inda. Kiswahili sanifu hakina neno hilo kwa maana ya tumbo, walakini twalitumia kila siku bila kulitambua, kwa maana ndani ni nda pamoja na kiambishi cha mahali, -ni, yaani 'tumboni'. Vivyo hivyo Mrundi huita titi ibere, na mahali palipo mbele ya mtu huita imbere. Upande wa kifua ndio upande wa mbele. Twaona basi kwamba mababu walipoupima ulimwengu waliupima kwa miili yao. Hata dawa, kwa Kirundi, ni umuti, neno la shina moja na mti wetu.

Tabaka la pili lilikuja kwa bahari, kisha likapanda bara. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Njia hiyo ilipitisha nguo, shanga, pembe na watumwa, na pamoja nao ikapitisha maneno. Burton na Speke walipowasili Ujiji Februari 1858, wa kwanza hakuweza kutembea kwa maradhi, na wa pili macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Nao wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kutangulia. Homa ni neno la Kiarabu, na kadhalika afya, dawa, tabibu na damu. Hili la mwisho ni la ajabu. Kiswahili kilishika majina ya Kibantu ya moyo, ini, figo na mfupa, lakini damu ipitayo humo ikapewa jina la kigeni, hali Muha angali akisema amaraso.

Kwa maoni yangu, sababu imo katika elimu ya tiba iliyofika pamoja na lugha ya Kiarabu. Elimu hiyo ilitoka kwa Galen na Wayunani, ikapita mikononi mwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, nayo ilifundisha kwamba afya hutegemea mizani ya majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ini na figo huonwa na kila achinjaye mbuzi. Mizani ya majimaji ilihitaji mwalimu, na mwalimu alikuja na majina yake. Balghamu, ambayo asili yake ni Kiyunani, twaiita hivyo hata leo kwa maana ya kohozi. Na safura, ambayo kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano, kwetu imekuwa jina la ugonjwa wa minyoo inyonyayo damu hata mgonjwa akapauka.

Tabaka la tatu ni la majina waliyoyatunga Waswahili wenyewe kwa kutazama. Malale ni ugonjwa wa kulala, nao uliwatesa watu wa mwambao huu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wadachi. Kisonono chatokana na kusonona. Kipindupindu chatokana na kupindua, kwa kuwa humpindua mtu matumbo hata maji yakamwisha mwilini. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 na 1870, alitoa mwaka 1876 kitabu kizima juu ya njia za ugonjwa huo. Ndiye pia aliyeandika habari za kidingapopo, jina ambalo wanazuoni wengi hudhani kwamba lilivuka bahari likawa dengue. Homa hiyo ilipozuka Dar es Salaam mwaka 2014, wengi waliiita kwa jina la kigeni. Kumbe huenda ni mtoto wetu aliyerudi tusimjue.

Matabaka hayo hayakufukuzana. Mganga, tabibu na daktari wote wangali wapo, na Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye ni daktari aliyesomea chuo kikuu. Katika Kirundi umuganga ni daktari wa hospitali, na mwaguzi ni umupfumu. Hivyo Mswahili na Mrundi waweza kutamka karibu neno moja, mmoja akawaza mitishamba na mwingine sindano.

Kwamba mambo haya si ya vitabuni tu kulidhihirika Mei 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, ufukweni kaskazini mwa Kigoma, na wengi wakachukuliwa kwa meli ya zamani, Liemba. Kipindupindu kikazuka, kikawapata watu wapatao 3,000 na kuwaua 31. Wengi wa wagonjwa walikuwa wasemaji wa Kirundi, na jina kipindupindu si la lugha yao. Lakini na tutazame: mahali ambapo Kiswahili husema p, Kirundi mara nyingi husema h. Kupa ni guha, na kupindua kuna nduguye, guhindura, maana yake kugeuza. Mhudumu ajuaye hayo aweza kuanza na guhindura, akafika kwenye kipindupindu kwa hatua moja, na mgonjwa akatambua kwamba anaelezwa habari za tumbo lake mwenyewe.

Waundaji wa istilahi, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa mwaka 1967, wameitumikia lugha yetu kwa bidii. Hata hivyo, ada ya kukimbilia kwanza Kiarabu au Kiingereza yapasa kupimwa upya. Neno la kuazima si aibu. Damu na homa ni Kiswahili safi leo. Ila kabla ya kuazima mbali yatupasa kuuliza karibu, kwa wale ambao bado husema inda na umutima, kwa maana aumwaye hulitaja tumbo kwa lugha aliyonyonya.