Kura ya mbunge ni mali ya nani?

Nikiwa stendi ya Kasulu nasubiri gari la Kibondo, mzee mmoja mwenye gunia lake la maharage alinitupia swali.

"Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Hebu niambie, mbunge akinyoosha mkono kule Dodoma, anaunyoosha kwa niaba yangu au kwa niaba ya waliomtuma?"

Nikamjibu, "Mzee, si wewe ndiye uliyemtuma?" Akacheka sana, akanyamaza. Kile kicheko nimesafiri nacho mpaka Kibondo. Naomba leo tukijibu kwa kurudi nyuma kidogo.

Tuanze mwaka 1965. Nchi ilikuwa na chama kimoja, TANU, lakini kila jimbo lilipewa wagombea wawili, mmoja na alama ya jembe, mwingine nyumba. Mkulima hakuchagua sera, alichagua mtu. Na alikuwa na nguvu! Mwaka huo Paul Bomani, waziri wa fedha mzima, aliangushwa kwao Mwanza.

Lakini kumchagua mtu ni jambo moja, na mtu huyo kusema atakalo bungeni ni jambo jingine. Mwaka 1968 wabunge kadhaa waliohoji ukubwa wa chama juu ya Bunge walifukuzwa TANU, akiwemo Joseph Kasella-Bantu wa Nzega. Uanachama ukaondoka na kiti kikaondoka. Wapiga kura wao hawakuulizwa.

Mwaka 1973 wabunge walijaribu tena. Waliukataa muswada wa serikali wa kodi ya mapato. Mwalimu Nyerere akatishia kulivunja Bunge, na muswada ukapita. Miaka miwili baadaye ukuu wa chama ukaandikwa ndani ya Katiba. Wakongwe wanaikumbuka lugha ya siku zile: chama kushika hatamu.

Utasema hayo ni ya enzi za chama kimoja. Haya, njoo kwenye vyama vingi, vilivyorudi mwaka 1992. Mwaka 1993 wabunge 55, maarufu kama G55, na Njelu Kasaka akiwa mstari wa mbele, walidai serikali ya Tanganyika. Bunge likakubali hoja yao. Mwaka uliofuata, baada ya Mwalimu kuja juu na chama kukaza kamba, Bunge lile lile likarudi nyuma. Je, wananchi majimboni walikuwa wamebadili mawazo ndani ya mwaka mmoja? Thubutu!

Sasa turudi Kigoma. Mwaka 2010 watu wa nyanda hizi za juu walifanya kitu cha ajabu. NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne tu nchi nzima, na yote yalikuwa mkoa wa Kigoma: Kasulu Mjini kwa Moses Machali, Kasulu Vijijini kwa Agripina Buyogera, Muhambwe kule Kibondo kwa Felix Mkosamali, na Kigoma Kusini kwa David Kafulila. Watu waliochoka na barabara ya vumbi ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi waliamua kupeleka sauti zao wenyewe.

Mwaka mmoja tu baadaye, Desemba 2011, Kafulila akagombana na uongozi wa chama chake na akafukuzwa. Katiba yetu, ibara ya 71, inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge nao umekwisha. Alibaki na kiti kwa sababu alikimbilia mahakamani. Ona basi: chama cha upinzani kilishika rungu lile lile la mwaka 1968.

Hapo ndipo lilipo jibu la mzee wangu. Kura unapiga wewe, lakini ufunguo wa kiti anao mwingine. Mchungaji Mtikila alihangaika na kesi ya mgombea binafsi tangu 1993. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi. Lakini chaguzi za 2015, 2020 na 2025 zimepita bila mgombea binafsi.

Mwaka 2014, kwenye Bunge Maalum la Katiba, walibishana wiki kadhaa: kura iwe ya wazi au ya siri? CCM walitaka wazi, wapinzani walitaka siri. Mwishowe kila mjumbe akaachiwa achague. Mimi naona mvutano ule ulifichua mengi. Ya wazi inamwonyesha mwananchi mwakilishi wake amesimama wapi, lakini chama nacho kinaona. Ya siri inamlinda mbunge dhidi ya chama, lakini inamficha pia kwa yule wa gunia la maharage.

Wapo wanaosema mbunge afuate akili yake tu. Edmund Burke aliwaambia hivyo wapiga kura wake wa Bristol, Uingereza, mwaka 1774. Mwaka 1780 akaona upepo umegeuka, akajitoa. Walau Burke aliwajibishwa na watu wa Bristol.

Na sisi? Mwaka 2015 majimbo yote matatu ya Kasulu na Kibondo niliyoyataja yalirudi CCM. Unaweza kusema wananchi waliwakataa wale vijana, au waliamua barabara inakuja haraka ukiwa na mbunge wa chama tawala. Nadhani mengi yalikuwa hilo la pili. Mpiga kura naye amejifunza hesabu: kama mbunge ni wa chama, basi bora achague chama chenye greda.

Ndugu zangu, hesabu hiyo si ujinga, lakini inauma. Siku ufunguo wa kiti utakaporudi Kasulu, mzee yule hatacheka tena nikimwambia yeye ndiye aliyemtuma mbunge wake.

Naomba kutoa hoja.