Kutoka hamsa ishirini hadi fagio la zahanati

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, adhabu yao waliyoipenda ilikuwa kiboko. Aprili 1896 Chansela wa Ujerumani alitoa agizo la kukiwekea mpaka: viboko visizidi 25 kwa mkupuo, wanawake wasichapwe, Waarabu na Wahindi wasichapwe. Aliyebaki kuchapwa ni mwanamume Mwafrika, na hamsa ishirini, yaani vile viboko 25, ikabaki midomoni mwa wazee hadi leo.

Waingereza walileta daftari. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 iliufanya uzururaji kuwa kosa, na kijana aliyetoka bara kutafuta kibarua bandarini, akawa analala Kariakoo huku akisubiri meli, aliingia moja kwa moja katika kundi la wahuni. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika "wasiotakiwa" na kuwarudisha makwao. Lakini miaka mitatu baadaye, mwaka 1947, serikali hiyohiyo ilitunga sheria ya uangalizi, yaani probesheni: mkosaji aachwe nje ya gereza, chini ya macho ya afisa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba adhabu mbadala ni jambo la juzi. Ni kongwe kuliko Uhuru.

Uhuru wenyewe uliturudisha kwenye kiboko. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliorodhesha makosa kama wizi wa mtumishi wa umma, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi na rushwa, ikamfunga mikono hakimu: kifungo kisipungue miaka miwili, pamoja na viboko 24. Kumi na viwili siku za mwanzo gerezani, kumi na viwili kabla tu ya kutoka. Mwalimu Nyerere alilikumbusha hilo mwaka 1995 alipokemea rushwa: vile vya kutokea, alieleza, ni vya kwenda kumwonyesha mkeo. Wasikilizaji walicheka. Mimi naona uchungu. Mtu amemaliza kifungo chake, nguo zake ziko mkononi, na serikali inamchapa tena ili arudi nyumbani akiwa na aibu mwilini.

Nafasi ya huruma ilikuwa finyu: awe mkosaji wa mara ya kwanza, mali iliyohusika isizidi thamani ya shilingi 100, na pawe na sababu maalumu. Nje ya hapo, hakimu hakuulizwa huyu ni nani, ana watoto wangapi, alichoiba amekirudisha au la. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1972, lakini ile iliyoshika nafasi yake ilibaki na fikra ileile ya kifungo cha chini kisichojadiliwa.

Mwaka 1983 ikaja kampeni ya serikali ya Nguvu Kazi. Wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani, Kariakoo ikiwemo, wakapelekwa vijijini na mashambani. Umaskini ukawa kesi.

Sheria ya Huduma kwa Jamii, Namba 6 ya mwaka 2002, ndiyo iliyogeuza mwelekeo. Kwa kosa linalostahili kifungo kisichozidi miaka mitatu, mahakama inaweza kumwamuru mkosaji, akikubali mwenyewe, afanye kazi ya umma bila malipo: afagie zahanati, afyeke uwanja wa shule, huku analala kwake na kulea wanawe.

Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157. Lilikuwa jambo jema, ila msamaha unapunguza maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Tundu liko kizimbani. Mmachinga anahukumiwa faini au jela. Faini hana, anakwenda jela, na meza yake mtaani inachukuliwa na mwingine.

Kuliziba kunahitaji kazi isiyo na makeke. Afisa probesheni aende mtaani kwa mshtakiwa, aongee na mjumbe, na familia, na aliyeibiwa, kisha aandike kurasa chache kabla ya hukumu. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo Kariakoo hawezi kuamuru kwa busara bila taarifa hiyo. Maafisa waongezwe, wapewe nauli, na taarifa zao zifike mezani kabla karandinga halijaondoka.