Makazi ya Wagonjwa wa Akili

Mapadre waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwajengea waliokombolewa utumwani kijiji chenye nyumba na mashamba. Lutindi, milimani Usambara, wamisionari wa Kijerumani nao walianza na watoto wa namna hiyo mwaka 1896, kisha wakawapokea wagonjwa wa akili. Mwaka 1927 Waingereza wakafungua hospitali ya Dodoma, ambayo leo ni Mirembe. Kwa mtu wa pwani, kote huko ni mbali na ndugu. Baada ya uhuru serikali ilianzisha vijiji vya wagonjwa waliopata nafuu, wakilima pamoja, kama Vikuruti, nje ya Dar es Salaam. Dawa hutuliza, lakini aliyetulia huhitaji nyumba, kazi na jirani. Basi tunapopanga mambo ya kata zetu, naye tumtengee kiwanja.