Mpunga kwenye kinamasi: faida iko wapi?

Juzi nilikuwa Shauri Moyo, Nairobi, kwa jamaa zangu. Dukani nikaagiza pishori ya Mwea. Mwenye duka akipima akaniuliza: "Nyinyi watu wa Mombasa mnakula wali kila siku, kwani hamlimi?" Nilicheka tu, lakini swali lilinifuata hadi nyumbani.

Tuanze na mmea wenyewe. Mahindi yakizama siku chache, mizizi hukosa hewa ikafa. Mpunga una vijia ndani ya shina vinavyoteremsha hewa hadi mizizini. Ndiyo maana kinamasi ambacho mkulima wa mahindi hukiona hasara, kwa mpunga ni mali. Tope zito huzuia maji yasizame, na maji yakisimama magugu mengi hayaoti.

Mwea ni ushahidi. Majaruba yake yalianza miaka ya 1950, kwa nguvu za wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, kwenye udongo mweusi wenye kunata. Maji hutoka mito ya Thiba na Nyamindi.

Hata hivyo, hesabu ina pande mbili. Kilo moja ya mpunga hutumia takriban lita 2,500 za maji, na kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa kama kilo 65 za mchele. Kilimo shadidi, kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980, hupunguza gharama: miche michanga hupandikizwa mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25, na jaruba huachwa likauke kidogo kabla ya kutiwa maji tena. Mbegu na maji hupungua, lakini palizi huongezeka. Tena njia hii yataka mfereji wa kuingiza maji na wa kuyatoa. Kinamasi kisichotoka maji hakiifai.

Huku kwetu kuna Vanga, na kuna Delta ya Tana. Karibu na bahari adui ni chumvi, ambayo huunguza miche na kuharibu mpunga unapochanua. Kwenye Tana adui ni mto. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalibomoa miundombinu ya mradi mkubwa wa mpunga wa serikali. Isitoshe, Delta ina wenyewe: Wapokomo hulima maji yakishuka, Waorma hulisha mifugo wakati wa kiangazi. Anayeita ardhi hiyo tupu hajauliza wenyeji.

Kwa hiyo, jibu langu kwa yule muuza duka ni hili: ardhi tunayo. Kwanza tupime chumvi, tuchimbe mifereji, tukubaliane na wafugaji, kisha tuanze na majaruba madogo tunayoweza kuyaamia ndege wenyewe. Kila Ramadhani twatoa pishi ya zakatul fitri, na mchele wake mwingi umevuka bahari kutoka Pakistani. Ingekuwa fahari siku moja pishi hiyo itoke Vanga.