Ukishinda, Watapiga Wimbo wa Nchi Gani?



Jumapili iliyopita ilikuwa Car Free Day hapa Kigali. Barabara zilifungwa, watu wakakimbia, halafu sisi wa Nyamirambo tukarudi uani kwetu kunyanyua vyuma. Nikisema vyuma mnielewe: ni mabomba mawili yenye makopo ya rangi yaliyojazwa simenti kila upande. Mdogo wangu mmoja wa Bukavu, ambaye anaota kupanda jukwaani siku moja kutunisha misuli, akaulizwa na mwenzake: "We, ukishinda, batapiga wimbo ya inchi gani?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliweka chuma chini, akaenda kukaa pembeni.

Swali lile lilinifuata mpaka kitandani. Nikaanza kusoma historia ya mabingwa wa mchezo huu, na nilichokikuta ndicho ninachowaletea leo.

Shindano kubwa la kwanza lilifanyika London tarehe 14 Septemba 1901, katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Mwandaaji alikuwa Eugen Sandow, kijana wa Prusia aliyeondoka kwao mwaka 1885 ili asiingizwe jeshini. (Wangapi kati yetu wanaijua hiyo sababu?) Mmoja wa waamuzi alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes. Mshindi akawa William Murray wa Nottingham.

Mwaka 1946, ndugu wawili wa Montreal, Ben na Joe Weider, walianzisha shirikisho la kimataifa, IFBB. Miaka miwili baadaye, London ikapata Mr. Universe wake wa kwanza: John Grimek, Mmarekani ambaye wazazi wake walikuwa wahamiaji Waslovakia. Wengi wa mabingwa hao walikuwa watu wa ridhaa. Mchezo haukuwalipa. Asubuhi mtu anakwenda kazini kama kila mtu, jioni ndiyo anarudi kwenye vyuma.

Sasa twende kwa mtu ninayemtaka hasa: Sergio Oliva.

Alizaliwa Kuba, karibu na Havana, mwaka 1941. Alikata miwa shambani akiwa bado mtoto, kisha akawa mnyanyua uzani. Agosti 1962 alipelekwa Kingston, Jamaika, kwenye Michezo ya Amerika ya Kati na Karibi, akiwa kwenye timu ya taifa. Jamaika ilikuwa imepata uhuru mwezi huohuo. Rwanda na Burundi zilikuwa zimepata wao Julai 1. Dunia nzima ilikuwa inapandisha bendera mpya. Oliva, miaka 21, yeye aliiacha yake. Alitoroka kambini kwa wanamichezo, akakimbia hadi ubalozi mdogo wa Marekani, akaomba hifadhi.

Alifika Miami, halafu Chicago. Huko alifanya kazi ngumu ya kiwandani, zamu ndefu, kwenye vyuma vya moto. Akitoka hapo alikwenda YMCA ya Duncan kufanya mazoezi. Kule alimpata rafiki wa kunyanyua naye, Bob Gajda, mwenyeji. Mwaka 1966 wote wawili waligombea Mr. America ya ridhaa. Gajda akawa wa kwanza, Oliva wa pili. Wengi waliamini rangi yake na Kiingereza chake cha kubabaisha vilimponza, na kweli, mtu mweusi wa kwanza kupewa taji lile, Chris Dickerson, alilipata mwaka 1970.

Oliva hakuacha. Alihamia mashindano ya IFBB, akachukua Mr. World mwaka 1966 na Mr. Universe mwaka 1967. Mwaka huohuo akachukua Mr. Olympia, na akaishika mara tatu mfululizo. Mwaka 1968 hakuna hata mmoja aliyejitokeza kushindana naye. Mwaka 1969 alimshinda kijana wa Austria aitwaye Arnold Schwarzenegger. Wenzake walimwita "The Myth", yaani kiumbe cha hadithi. Baadaye akawa polisi wa Chicago, na alifariki mwaka 2012.

Kwa hiyo tuseme "fanya bidii utafika"? Hapana ndugu zangu, tusidanganyane. Bidii alikuwa nayo tangu shambani. Hesabuni vitu alivyovipata Chicago: ruhusa ya kufanya kazi, ukumbi uliomfungulia mlango, mwenyeji aliyekubali kunyanyua naye, na shirikisho lililokubali kuandika jina lake. Pale shirikisho moja lilipombania, lilikuwepo jingine. Toa kimoja kati ya hivyo, leo tusingemjua.

Na msidhani hayo ni ya Kuba tu. Mwaka 2013 wanajudo wawili wenye asili ya Bukavu, Popole Misenga na Yolande Mabika, walikwenda Rio de Janeiro kuiwakilisha Kongo kwenye mashindano ya dunia, wakabaki huko na kuomba hifadhi. Miaka mitatu baadaye, mjini humohumo, walishiriki Olimpiki katika timu ya kwanza ya wakimbizi, watu 10 chini ya bendera ya Olimpiki. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, Kenya. Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Mwaka 2024 huko Paris, bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kamerun, aliipatia timu ya wakimbizi medali yake ya kwanza, shaba.

Kwenu wa mashirika, ombi langu ni dogo. Mipira mnayotuletea Juni 20 tunaipokea kwa furaha. Lakini mipira inapasuka. Mtusaidie pia kugonga milango ya vilabu na mashirikisho, kuuliza fomu inataka karatasi gani, na kama kadi ya mkimbizi inakubalika. Hapa Rwanda tunaruhusiwa kufanya kazi. Hicho kimoja cha Oliva tayari tunacho. Vilivyobaki tuvitafute pamoja.

Na wewe mdogo wangu wa Bukavu, najua utasoma hapa. Wimbo tutaujua siku hiyo. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi njoo uani, makopo yanakungoja, na mimi nitakushikia chuma.