Majirani Wawili wa Himalaya

Msafiri atokaye Karatu, akifika ukingo wa Ngorongoro, huliona bonde la kreta limetulia kana kwamba halijapata kugombewa. Lakini katika karne ya 19 Wamasai waliwashinda Wadatoga na kuzitwaa nyanda hizo, na Wadatoga wakasogea upande wa Ziwa Eyasi. Makaburi ya wazee wao yamebaki kreta, nao wangali wakiyaenzi. Vita huhamisha watu, wala havihamishi kumbukumbu.

Jambo hilo la nyumbani latusaidia kuelewa uhusiano wa India na China. Tarehe 29 Aprili 1954, mjini Beijing, mataifa hayo yalitia saini mapatano yenye kanuni tano za kuishi kwa amani, mojawapo ikiwa kuheshimiana mipaka. Mwaka uliofuata yaliketi pamoja Bandung. Hata hivyo, mapatano yale hayakutaja mpaka wenyewe ulipopita katika milima ya Himalaya. Tarehe 20 Oktoba 1962 vita vikazuka, vikadumu mwezi mmoja. Mabalozi hawakurejeshwa mpaka 1976, na hapakuwa na Waziri Mkuu wa India aliyezuru Beijing baada ya Nehru hadi Rajiv Gandhi alipokwenda Desemba 1988.

Mapatano ya 1993 na 1996 yalituliza mpaka bila kuukata shauri. Juni 2020, katika bonde la Galwan, damu ilimwagika tena, na askari 20 wa India wakafa. China nayo ilitangaza vifo vya askari wake wanne. Oktoba 2024 pande hizo zilikubaliana upya kuhusu doria.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Tanzania ilikataa kuwa nyasi. Mwalimu Nyerere, aliyeafikiana na China kuhusu reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, ndiye pia mtu wa kwanza kutunukiwa na India Tuzo ya Amani ya Gandhi, mwaka 1995. Urafiki wake kwa mmoja haukuwa uadui kwa mwingine.

Mkulima wa Karatu anajua kwamba mpaka wa shamba huwekwa siku ya maelewano, majirani wote wakishuhudia. Ukiachwa hadi siku ya ugomvi, huwekwa kwa fimbo. India na China zilianza kwa kuitana ndugu, zikaliahirisha jiwe la mpaka. Sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta, wenye dini na asili mbalimbali, tusiahirishe letu.